Kitanda cha Dola Elfu na Ardhi Kilipowekwa: Mjadala juu ya Safari za Kifahari

Safari ya kifahari, kwa maana inayokusudiwa katika mjadala huu, ni ziara ya siku kadhaa ambayo kampuni humpangia mgeni tangu anaposhuka uwanja wa ndege hadi anapoondoka, akiwa na mwongoza watalii wake, ndege ndogo za kumhamisha kutoka hifadhi moja hadi nyingine, na malazi ambayo bei yake kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja huanzia dola mia kadhaa za Marekani na mara nyingi huvuka 1,000. Ziara za namna hii barani Afrika zimezoea mandhari tatu, yaani mbuga, pwani na jangwa. Anayekuja kaskazini mwa Tanzania huanzia Tarangire au Ngorongoro, akaingia Serengeti, kisha akamalizia Unguja au Mafia, ilhali anayekwenda kusini mwa bara huunganisha Delta ya Okavango nchini Botswana na matuta ya mchanga ya Namib nchini Namibia.

Hoja inayobishaniwa ni ya zamani, nayo huelezwa hivi: je, ni heri nchi ipokee wageni wachache wanaolipa fedha nyingi, au wageni wengi wanaolipa kidogo? Misimamo inayokabiliana hapa chini imepewa sauti ili kila mmoja usikike kwa nguvu zake zote. Sauti hizo si za watu fulani, bali ni hoja zinazotolewa kila siku mahali ambapo biashara hii hufanyika. Hata hivyo ni vyema ielezwe mapema kwamba swali lenyewe, jinsi linavyoulizwa kwa kawaida, lina kasoro, kwa kuwa hutanguliza bei na kuacha nyuma suala la nani mwenye mamlaka ya kukubali kitanda cha mgeni kiwekwe au kukikataa.

MWENYE KAMBI: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na ndani yake huzunguka nyumbu wapatao milioni 1.3 wanaofuata mvua na majani mabichi. Mwezi Februari huzalia kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini, pande za Ndutu, na kuanzia Julai huwa kaskazini wakivuka Mto Mara karibu na Kogatende. Kambi ya mahema kumi inayohama pamoja nao haichimbi msingi wala haimwagi zege, na inapoondoka huacha nyasi zilizolala tu, ambazo mvua moja huzisimamisha tena. Linganisheni na siku ambayo magari hujipanga kando ya mto kwa makumi, kila dereva akitafuta nafasi ya mbele, hadi nyumbu wanageuka na kurudi walikotoka. Botswana iliona jambo hili mapema, na sera yake ya utalii ya mwaka 1990 ilichagua wageni wachache wenye thamani kubwa. Rwanda mwaka 2017 ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500, na ikaongeza fungu la jamii zinazoizunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Kenya nayo imepandisha kiingilio cha Maasai Mara hadi dola 200 kwa siku katika nusu ya pili ya mwaka. Mnyama halindwi kwa mapenzi matupu, kwa sababu askari wa wanyamapori anahitaji mshahara na gari lake linahitaji mafuta.

MFANYAKAZI WA KAMBI: Hayo ni kweli, mkuu, lakini hema hilo lisiloacha alama kwenye nyasi huacha alama kwenye mabega. Mgeni huambiwa aje na mfuko laini usiozidi kilo 15, kwa kuwa ndege ndogo haibebi zaidi, ila kitanda cha mbao, godoro, meza, vyombo vya kaure, majokofu na mashine za umeme wa jua hufika kwa lori, vikashushwa na kupangwa na watu ambao wiki chache baadaye huvipakia tena. Mvua za masika zinapoanza, kambi nyingi hufungwa, na mwenye mkataba wa msimu hurudi nyumbani bila ujira hadi aitwe. Bahashishi za wageni hutumbukizwa katika sanduku moja na kugawanywa, na kwa wengi ndizo hulipa karo, kiasi kwamba ada ya mtoto hutegemea ukarimu wa mtu asiyemfahamu.

Sauti hii ya mfanyakazi inastahili kutafakariwa kidogo, maana imegusa jambo ambalo vitabu vya utalii hulipita haraka. Katika kambi za kuhamahama hakuna mabomba. Jioni, gari linaporudi likiwa limejaa vumbi, mhudumu huchemsha maji, huyachanganya na ya baridi hadi yafikie joto linalostahili, huyabeba hadi nyuma ya hema, huyamimina katika ndoo ya lita zipatazo 20 na kuivuta juu kwa kamba hadi ining'inie juu ya bafu, kisha humwita mgeni kwa sauti ya chini na kumwambia kwamba maji yako tayari. Mgeni huvuta mnyororo wa kufungulia maji, hujilowesha, hufunga, hujipaka sabuni, hufungua tena. Ndoo ikiisha, kuoga kumekwisha. Mtu aliyelipa dola elfu moja huoga kwa ndoo, na huondoka akisema kwamba hajawahi kuoga vizuri namna ile. Kwa hiyo si sahihi kudhani, kama wakosoaji wengi wanavyodhani, kwamba bei kubwa lazima iambatane na ubadhirifu wa mali ya asili. Bei na matumizi ni mambo mawili tofauti, na ushahidi wake huonekana wazi mgeni huyohuyo anapotua pwani.

MKULIMA WA MWANI: Huko pwani hakuna anayeoga kwa ndoo isipokuwa wenyeji. Utafiti uliofanywa Unguja na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kaya moja ya wenyeji ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Maji hayo ni ya chini ya ardhi katika kisiwa cha mawe ya matumbawe, ambapo kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari huingia, na anayekuwa wa kwanza kuonja chumvi hiyo si mgeni. Kisha kuna ufukwe wenyewe. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, ambao maji yanapokupwa hutembea hadi kwenye vigingi vyao, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na huwahi kutoka kabla maji hayajajaa. Leo maji yaleyale yenye kina kifupi na upepo wa kutosha ndiyo yanayotafutwa na wageni wanaoteleza juu ya mawimbi wakivutwa na tiara, na kamba ya mwani inapokutana na ubao wa mgeni huitwa kizuizi, kana kwamba ubao ulitangulia kufika.

MHIFADHI: Dada mkulima ana haki ya kulalamika, ila si pwani yote inayoendeshwa hivyo. Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, kilitangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994, na kina nyumba saba tu za wageni. Paa za nyumba hizo hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi lililo chini ya sakafu, umeme ni wa jua, na vyoo hugeuza kinyesi kuwa mboji bila kutumia maji, hivyo hakuna uchafu unaotiririka hadi kwenye matumbawe. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo ya jirani waliofunzwa kazi hiyo, na kwa kuwa hawana silaha, kazi yao kubwa ni kuwaeleza wavuvi wenzao kwamba samaki wanaozaliana ndani ya eneo lililofungwa hutoka nje na kuingia katika mitego yao. Watoto wa shule za Unguja hupelekwa kisiwani humo kujifunza, na fedha za mgeni aliyelala usiku mmoja ndizo huchangia gharama za somo hilo.

MKULIMA WA MWANI: Chumbe hapakuwa na kijiji. Ni rahisi kumpendeza kila mtu mahali ambapo hapana mwenyeji wa kuhamishwa.

Jibu hilo ni fupi, lakini ndilo linalobadili mwelekeo wa mjadala mzima. Mifano mingi inayotajwa kwa sifa na watetezi wa safari za kifahari ni ya mahali ambapo suala la wakazi lilikwisha kumalizwa, ama kwa kuwa hawakuwapo, ama kwa kuwa waliondolewa kabla kambi ya kwanza haijajengwa, na hali hizi mbili hazipaswi kuchanganywa.

MFUGAJI: Kaskazini mwa Tanzania walikuwapo. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka yake waliondoka kwenda Ngorongoro, eneo lililoundwa mwaka huohuo ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa upya mwaka 2009. Mwaka 2022 ulianza mpango wa kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na mwaka huohuo vigingi vikasimikwa Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500 ambazo mifugo ilikuwa ikizitegemea wakati wa kiangazi. Katika miaka yote hiyo hapajatokea mwaka ambao idadi ya vitanda vya wageni ilishuka kwa sababu mfugaji aliomba ishuke. Mgeni mmoja anayelipa sana huitwa utalii endelevu, na ng'ombe mmoja anayelisha watoto wanane huitwa uharibifu.

MHIFADHI: Mzee ameeleza historia kama ilivyokuwa, lakini hesabu haina budi kutajwa pia. Eneo la Ngorongoro lilipoundwa lilikuwa na wakazi wapatao 8,000, na ilipofika mwaka 2017 walikuwa wamezidi 90,000, wakiwa na mifugo inayotegemea maji na malisho yaleyale. Serikali imeeleza kwamba uhamaji wa kwenda Msomera ni wa hiari, na kwamba wanaohama hupatiwa nyumba na mashamba. Kama kreta itaachwa ielemewe, mfugaji na mnyama watapoteza wote wawili, na watoto wa wafugaji hawatarithi ardhi bali vumbi.

MFUGAJI: Hiari hupimwa kwa uwezo wa kubaki. Mahali ambapo kulima ni kosa, kujenga nyumba ya kudumu kunahitaji kibali kisichotoka, na huduma za jamii zinapungua mwaka hadi mwaka, anayeondoka hajachagua.

Hapo pande zote mbili zina ukweli, na mwandishi mwaminifu hawezi kuufuta ukweli wa mmoja kwa kutumia wa mwingine. Ongezeko la watu ni halisi. Lakini ongezeko la magari yanayoteremka kreta kila asubuhi ni halisi vilevile, na tofauti iliyopo ni kwamba la kwanza huitwa tatizo na hutafutiwa suluhu ya kuhamisha, wakati la pili huitwa mafanikio na hutafutiwa barabara. Kreta ina sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260 tu, na sheria yoyote inayodai kulinda sakafu hiyo haina budi kuwapima wote wanaoikanyaga kwa kipimo kimoja.

MTAFITI WA SHERIA: Hapa ndipo jangwa linapofaa kutazamwa, kwa kuwa Namibia imetoa majibu mawili tofauti katika jangwa moja. La kwanza liko kusini, pembezoni mwa Namib, katika hifadhi binafsi ya NamibRand, iliyoanza mwaka 1984 kwa kununua mashamba ya kondoo yaliyokuwa yamechakazwa na ukame. Uzio uliondolewa, choroa na punda milia wakarudi, na vitanda vikawekewa kikomo cha kimoja kwa takriban kila hekta 1,000. Giza la usiku wake ni zito kiasi kwamba mwaka 2012 eneo hilo lilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, yaani mahali ambapo taa hudhibitiwa ili nyota zionekane. Kwa kipimo cha mazingira peke yake ni vigumu kupata kosa. Lakini ardhi hiyo ni mali ya watu binafsi, katika nchi ambayo umiliki wa mashamba makubwa bado umebeba sura ya ukoloni, na wasio wamiliki hawana kauli juu yake.

La pili liko kaskazini-magharibi, huko Kunene. Mwaka 1996 Namibia ilirekebisha sheria yake ya uhifadhi, ikawawezesha wakazi wa ardhi ya jumuiya kuunda hifadhi za jamii, ambazo ni vyombo vya kisheria vyenye mipaka, katiba, orodha ya wanachama na kamati ya kuchaguliwa. Hifadhi hizo hazikupewa umiliki wa ardhi, ambayo imebaki ya dola, bali zilipewa haki ya kunufaika na wanyamapori na kuingia mikataba ya utalii kwa jina lao. Nne za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, na sasa zimezidi themanini, zikiwa zimeenea katika takriban sehemu moja ya tano ya nchi. Mojawapo ya zile nne ni Torra, ambayo baadhi ya wakazi wake walihamishwa kwa nguvu kutoka Riemvasmaak, Afrika Kusini, katika miaka ya 1970 chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Watu waliowahi kufukuzwa ndio wanaoketi leo mezani na mwenye kambi.

MWENYE KAMBI: Tanzania pia inazo Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2002. Burunge, kwa mfano, iko katikati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na huulinda ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia ambayo wanyama huitumia kupita kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Vijiji vinavyoiunda hupata mapato.

MTAFITI WA SHERIA: Hupata mgawo, na mgawo si mapato. Fedha hupitia serikalini kwanza, kisha hurudi kwa viwango vilivyopangwa na kanuni ambazo kijiji hakikuziandika, wakati mwingine zikiwa zimechelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, lakini eneo la kijiji likishatengwa kwa wanyamapori, sauti ya kijiji hupungua palepale thamani ya ardhi inapopanda.

Upande wa Kenya kuna njia ya tatu, nayo haipaswi kusifiwa haraka. Pembezoni mwa Maasai Mara, ranchi za vikundi ziligawanywa kwa familia, kila moja ikapata hati, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 wenye hati waliunganisha ardhi yao tena na kuikodisha kwa kambi chache za kifahari. Pango hulipwa kwa ukubwa wa ardhi, iwe wageni wamekuja au hawakuja, na ng'ombe huruhusiwa kuingia kwa ratiba. Ni mpango wenye akili. Hata hivyo hati nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume, kwa hiyo mjane, binti na familia iliyokosa mgawo husimama nje ya uzio ambao hata hauonekani.

MWENYE KAMBI: Basi na ielezwe nani hubeba hasara. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wapatao milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, walishuka hadi takriban 620,000. Kambi zilibaki na majokofu matupu na mikopo ya benki. Huko Maasai Mara wenye kambi waliomba pango lipunguzwe, na wenye ardhi hawakuwa na mpangaji mwingine wa kumkimbilia. Mamlaka pasipo mteja hayalishi mtu.

MFUGAJI: Kweli, ila mwaka ule ng'ombe hawakughairi safari. Aliyekuwa na pango pamoja na ng'ombe alipunguza matumizi, na aliyekuwa ameuza ng'ombe wote ili aishi kwa pango peke yake ndiye aliyelia. Hakuna anayekataa kambi. Kinachokataliwa ni kambi inayotaka kuwa zao pekee la nchi.

Kauli hii ya mwisho ina uzito kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa inakubaliana na hoja ya msingi ya mwenye kambi, kwamba vitanda vichache ni bora kuliko vingi, huku ikikataa hitimisho lake, kwamba uchache wa vitanda unatosha. Fedha nyingi katika biashara hii hulipwa kwa wakala huko Ulaya au Marekani kabla mgeni hajapanda ndege, na sehemu yake haifiki kamwe nchi inayotembelewa. Wanauchumi huliita jambo hilo uvujaji wa mapato. Hauzibwi kwa kupandisha bei, maana bei ikipanda kinachovuja nacho huongezeka, isipokuwa mwenye ardhi awe mmoja wa watu waliosaini mkataba na anajua kilichoandikwa ndani yake. Tanzania imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, lakini mkataba wa kambi iliyo kwenye ardhi ya kijiji mara nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza, ukahifadhiwa mjini, na kusomwa kwa wanakijiji kwa muhtasari na mtu aliyetumwa na upande mmoja. Marekebisho ya kwanza yanayohitajika basi si ya bei ya kitanda. Mkutano mkuu wa kijiji uwe na nakala kamili kwa lugha yake, uwe na haki ya kutokuongeza muda mkataba unapokwisha, na kiwango cha maji, idadi ya magari na idadi ya vitanda viwe vifungu vya mkataba wenyewe badala ya ahadi zilizochapishwa kwenye kijitabu cha wageni.

MWENYE KAMBI: Na kijiji chenye haki ya kukataa kikikataa?

MTAFITI WA SHERIA: Kitakuwa kimetumia haki yake, na wawekezaji wengine watalazimika kuja na masharti bora. Lakini hofu hiyo imezidi ushahidi. Kambi ya Damaraland ilifunguliwa mwaka 1996 kwa makubaliano na watu wa Torra, wakati ambapo hifadhi yao ya jamii ilikuwa bado haijasajiliwa, na tangu waliposajiliwa mwaka 1998 sheria imewapa nguvu za kutosha kuikataa. Kambi hiyo bado inapokea wageni.